Kilichomo Chini ya Ziwa

Reli ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya watu wa Mpanda. Waingereza walipoitandika kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940, kilomita zipatazo 210 za miombo, mbung'o na mabonde yanayofurika kila masika, walikuwa wakifuata madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa na mgodi pale, na pamoja na risasi ulitoa shaba, fedha na dhahabu kidogo. Mzigo ulipanda treni, ukapita Tabora, ukashuka pwani, ukavuka bahari. Karibu na uhuru mgodi ukafungwa. Wazungu wakaondoka, na Mpanda ikabaki na reli, mashimo na kazi ya kutafuta namna nyingine ya kuishi: mahindi, mpunga, tumbaku, asali, na baadaye dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Dirifu na Ibindi.

Habari hii inafaa kutangulia kila mazungumzo kuhusu mafuta ya Ziwa Tanganyika. Mkoa wa Katavi, uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una pwani ndefu ya ziwa hilo upande wake wa magharibi, Karema na Ikola zikiwa miongoni mwa vituo vyake. Kwa miaka mingi sasa wataalamu wamekuwa wakiangalia chini ya maji hayo na kujiuliza kama kuna utajiri. Swali la watu wa Katavi ni la karibu zaidi: utajiri huo ukitoka, utapita wapi, nao watabaki na nini?

Swali la mafuta huanzia kwenye taa. Kwa miongo mingi umeme wa Mpanda ulitoka kwenye jenereta za dizeli za shirika la umeme, TANESCO. Dizeli ilishushwa melini Dar es Salaam, ikapandishwa kwenye malori au mabehewa, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,000, kisha ikachomwa ili taa ziwake Kawajense na Makanyagio. Mteja wa Mpanda alinunua uniti ya luku kwa bei ileile ya mteja wa Kariakoo, kwa hiyo hasara ya safari hiyo ndefu ilibebwa na shirika, maana yake na Watanzania wote. Na jenereta zilipochoka au mafuta yalipochelewa, mashine za kusaga zilisimama, kinyozi akafunga, na mwenye samaki kwenye jokofu akaanza kuhesabu saa.

Februari 2024 mtambo wa kwanza kati ya mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha. Bwawa hilo limejengwa kutoa megawati 2,115, zaidi ya mahitaji yote ya nchi ya wakati huo. Mwezi uliofuata serikali ilieleza kwamba baadhi ya vituo vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme uliokuwa ukizalishwa ulizidi matumizi. Wakati huohuo Mpanda ilikuwa ikiunguza dizeli. Umeme ulikuwepo, tena wa ziada, ila waya ulikuwa haujafika.

Hakuna tukio linaloeleza tatizo la nishati la Katavi vizuri kuliko hilo. Kwa muda mrefu mjadala umeendeshwa kana kwamba nchi haina nguvu za kutosha na lazima ichimbe zaidi. Kumbe Katavi ilikosa njia ya kusafirisha nguvu zilizokwisha kupatikana. Jibu lake ni njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 380 za nguzo na nyaya, pamoja na vituo vya kupoza umeme njiani. Ni kazi isiyo na mvuto wa magazeti. Hakuna mtu anayepiga picha na transfoma ya Inyonga kama anavyopiga na mtambo wa kuchimbia mafuta. Hata hivyo kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mpimbwe, transfoma ina maana kubwa kuliko pipa la mafuta ghafi.

Matumaini ya mafuta yenyewe yana msingi. Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa yamelala katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, tawi lilelile lenye Ziwa Albert, ambako Uganda iligundua mafuta mwaka 2006. Kwa mamilioni ya miaka mito imemwaga tope, na viumbe vidogo vya ziwa vimekufa na kuzama humo, tabaka juu ya tabaka, hadi kilomita kadhaa za unene. Tope hilo likifukiwa na kupata joto la kutosha hugeuka mafuta. Upande wa Kongo, karibu na Rasi ya Kalamba, mafuta hujipenyeza yenyewe kutoka chini na kuelea juu ya maji. Yeyote anayesema hakuna kitu chini ya ziwa hili ana ushahidi unaoelea mbele yake.

Utafutaji ulianza mbali kidogo na pwani hiyo. Mwaka 1987 kampuni ya Kimarekani ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Rukwa, Ivuna na Galula, na vyote havikutoa mafuta ya kibiashara. Mwaka 2010 kampuni ya Australia, Beach, ilitia saini mkataba wa kugawana uzalishaji kwa kitalu cha Tanganyika Kusini, na mwaka 2012 meli yake ilipita ziwani ikifanya uchunguzi wa mitetemo: mlipuko wa hewa iliyobanwa hupigwa majini, mwangwi wake hurudi kutoka kwenye miamba iliyo chini sana, na kompyuta huchora picha ya tabaka. Baadaye kampuni hiyo ikaondoka bila kuchimba kisima. Oktoba 2016 Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilitia saini hati ya makubaliano ya kushirikiana kutafuta mafuta ziwani. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza duru ya tano ya kunadi vitalu: vitalu 26, vingi Bahari ya Hindi, vingine Ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo suala hili lina tarehe, lina ramani, na lina wateja wanaotafutwa.

Wanaotaka mafuta yachimbwe wana hoja za kusikilizwa. Tanzania huagiza kutoka nje petroli na dizeli yote inayotumia, na mafuta ni miongoni mwa vitu vinavyokula fedha nyingi za kigeni. Nchi zinazoihubiria Afrika iache mafuta ardhini zilijenga viwanda vyao kwa makaa ya mawe na mafuta, na baadhi yake zinaendelea kuchimba hadi leo. Moshi wa Tanzania nzima ni tone katika moshi wa dunia. Tena gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, imeiokoa nchi katika miaka ambayo mvua ziligoma na mabwawa yakakauka. Mkazi wa Katavi akiambiwa asubiri kwa ajili ya tabianchi ya dunia, ana haki ya kuuliza kwa nini yeye ndiye wa kwanza kusubirishwa.

Hoja hizo ni za haki, lakini zinaishia kwenye taifa. Hazifiki Mpanda.

Chukua bei ya mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na Mpanda hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali. Wapo wanaoamini kwamba mafuta yakipatikana ziwani, lita itashuka bei kwenye vituo vya Mpanda. Lakini mafuta yanayotoka kisimani hayaingii kwenye pikipiki. Ni mafuta ghafi, yanahitaji kusafishwa, na kiwanda cha TIPER cha Dar es Salaam kiliacha kusafisha mafuta tangu miaka ya 1990. Mafuta ya Uganda yamepangiwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kupashwa joto njia nzima, kwa sababu yana nta nyingi na huganda yakipoa. Yakifika Tanga yanapakiwa melini kwenda kuuzwa nje. Kenya iligundua mafuta Turkana mwaka 2012, ikasafirisha shehena moja ya mapipa takribani 200,000 Agosti 2019, na bei ya petroli Lodwar haikupungua kwa ajili hiyo.

Chukua na muda. Uganda iligundua mafuta mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatiwa saini Februari 2022. Miaka 16 ilipita katika mazungumzo, fidia, mikataba na kubadilishana wabia, na hiyo ni kwenye mafuta ambayo sehemu kubwa iko nchi kavu au pembezoni mwa ziwa lenye kina cha chini ya mita 60. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina zaidi. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Meli ya kuchimbia kwenye maji marefu haiwezi kufika huko kwa bahari, maana hakuna njia. Ingelazimu kubebwa vipande vipande kwa reli au barabara na kuunganishwa kwenye bandari ya ziwa. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Karema leo huenda akawa na watoto wake kabla pipa la kwanza halijatoka, ikiwa litatoka.

Na chukua mapato. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, kwa sababu waliona kinachotoka kwao kikipita mbele ya milango yao. Watu walikufa. Sheria mpya za mafuta na za usimamizi wa mapato zilizotungwa mwaka 2015 zilijaribu kujibu baadhi ya malalamiko. Lakini sehemu inayoingia halmashauri, kupitia ushuru wa huduma, ilibaki asilimia 0.3 ya mauzo. Yeyote anayeahidi Katavi itageuka Dubai aanze na namba hiyo.

Hapo ndipo ziwa lenyewe linapoingia, na hapo ndipo uzito wa mambo ulipo. Ziwa Tanganyika lina takribani sehemu moja ya sita ya maji yote baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Lina urefu wa kilomita 673. Lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote. Na maji yake hayaendi kokote kwa haraka. Mlango pekee wa kutokea ni mto Lukuga upande wa Kongo, nao hutoa kidogo tu. Maji mengi hupotea kwa kupanda angani kama mvuke. Wataalamu wa maziwa hukadiria kwamba tone la maji hukaa ziwani kwa karne kadhaa kabla ya kutoka. Bahari ikimwagiwa mafuta, mawimbi na mikondo husambaza na kutawanya, ingawa kwa gharama kubwa kwa viumbe. Ziwa hili likimwagiwa, uchafu utabaki humo kwa vizazi vya watu wengi.

Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya ziwa haina uhai wa samaki. Hewa ya oksijeni ipo katika mita 100 hadi 200 za juu tu. Chini yake ni giza na maji yasiyo na hewa. Dagaa, migebuka na kuhe wote wanaishi katika ngozi hiyo nyembamba ya juu, mahali hasa ambapo mafuta yakimwagika yangeelea.

Ngozi hiyo tayari inateseka. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba ziwa limepata joto, na kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka kwa takribani asilimia 20, kiasi ambacho kingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayejua ziwa. Upepo wa kusi wa kiangazi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kusini maji ya chini, yenye mbolea ya asili, hupanda kujaza nafasi. Mbolea hiyo hulisha mwani, mwani hulisha wadudu wa majini, wadudu hulisha dagaa. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hukataa kuchanganyika na ya chini. Mbolea inabaki gizani. Kwa maneno mengine, moshi wa magari ya mbali umekwisha kupunguza sahani ya mvuvi wa Ikola kabla hata kisima cha kwanza hakijachimbwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Wavuvi walivuta mitumbwi nchi kavu na kubeba gharama hiyo.

Wavuvi haohao wamekwishafanya mabadiliko ya nishati bila mkutano wa kimataifa. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa inayowavuta juu. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai, na karabai ilikula mafuta ya taa kila usiku, yakinunuliwa kwa mkopo na kulipwa kwa samaki. Taa za balbu ndogo za umeme, zenye betri inayochajiwa kwa sola mchana, zimeenea ziwani kwa sababu zinabakiza fedha mfukoni mwa mwenye mtumbwi. Hakuna aliyewahutubia kuhusu hewa ya ukaa.

Jua la Katavi kati ya Mei na Oktoba ni jingi mno, na paneli juu ya zahanati ya kijiji inaweza kutunza chanjo kwenye baridi bila kusubiri nguzo. Lakini jua nalo lina mipaka yake. Masika mawingu hukaa siku nyingi, betri huzeeka, na kijiji kilichopewa mitambo bila fundi hurudi gizani baada ya miaka michache. Maji nayo hayatoshi: mto Katuma, unaolisha Hifadhi ya Taifa ya Katavi, umepungua kwa sababu ya kilimo cha umwagiliaji juu yake, na kila kiangazi viboko husongamana kwenye tope lililobaki. Mkoa huu hautajengewa bwawa kubwa. Utategemea gridi, na gridi hiyo inaanza kupata jua: kule Kishapu, Shinyanga, kumejengwa kituo cha sola ambacho awamu yake ya kwanza ni ya megawati 50. Waya kutoka Tabora ndio njia ya umeme wa Kishapu na wa Rufiji kufika Mpanda.

Hata hivyo taa si sehemu kubwa ya nishati ya Katavi. Sehemu kubwa ni moto wa jikoni. Mkaa na kuni ndivyo vinavyopika ugali wa mkoa huu, na mabani ya kukaushia tumbaku huongeza njaa ya kuni. Mninga na mtundu huanguka kwa ajili hiyo kila msimu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sufuria ya umeme yenye presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, yaani chini ya shilingi 400 kwa mteja wa kawaida. Hesabu hiyo inashinda gunia la mkaa la mjini, ila bei ya kununua sufuria yenyewe ndiyo inayowazuia wengi. Fedha za umma zikiwekwa hapo, kwa mikopo midogo inayolipwa kupitia luku, zingewafikia akina mama wa Nsemulwa, Mpanda, mapema sana kuliko gawio lolote la kisima.

Miti hiyo ina faida nyingine ambayo Katavi imeigundua kabla ya mikoa mingi. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji 8 vya milima ya Ntakata, vikiwemo Mwese, Katuma na Lwega, vina mradi wa hewa ya ukaa na kampuni ya Carbon Tanzania. Vijiji vinalinda zaidi ya hekta 200,000 za misitu yenye sokwe, na kampuni inauza hati za kaboni. Mabilioni ya shilingi yameingia wilayani: madarasa, vituo vya afya, bima ya afya kwa wanakijiji, mishahara ya walinzi wa misitu. Biashara hii ina udhaifu. Bei huamuliwa mbali, na mwaka 2023 hati nyingi za misitu duniani zilishutumiwa kwa kuhesabu uhifadhi usiokuwepo. Vijiji havipaswi kuitegemea kama mshahara wa milele. Lakini fedha zimefika, zimeandikwa kwenye vikao vya kijiji, na watu wamejadili wenyewe zitumike vipi. Risasi ya Uruwira haikuwahi kufanya hivyo.

Bonde la Rukwa nalo limetoa somo lisilotarajiwa. Mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula, kusini mwa bonde hilo, kilileta juu gesi ya heli. Heli haichomwi, hupooza sumaku za mashine za kupigia picha za hospitali. Ardhi ambako Amoco ilitafuta mafuta inaweza kuja kujulikana kwa kitu kingine kabisa, tena nje ya maji ya ziwa kuu.

Hukumu ya sura hii ni kwamba vitalu vya Ziwa Tanganyika viondolewe kwenye mnada. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay iendelee kuitumikia nchi wakati gridi inajengwa. Na fedha na akili za wataalamu wa TPDC, shirika la petroli la taifa, zielekezwe mahali ambapo kosa moja halitadumu karne kadhaa. Ni uamuzi ambao Tanzania haiwezi kuufanya peke yake. Ziwa lina nchi nne, na sehemu kubwa kuliko zote ni ya Kongo, ikifuatiwa na ya Tanzania. Julai 2022 Kongo ilinadi vitalu vya mafuta, vingine vikiwa katika ziwa hili, ikafuta mnada huo Oktoba 2024, kisha mwaka uliofuata ikafungua vitalu vipya katika maeneo mengine ya nchi. Mafuta yakimwagika mbele ya Kalemie, upande wa Kongo, hayataonyesha pasi kabla ya kuvuka. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa, uliotiwa saini Dar es Salaam Juni 2003 na nchi zote nne, unataka nchi inayopanga kazi yenye hatari kwa ziwa iwajulishe wenzake na kufanya tathmini ya mazingira. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, ina bajeti ndogo na wataalamu wachache kuliko kampuni moja ya mafuta. Kuiongezea nguvu, kwa fedha, maabara na boti za kupima maji, ni hatua ambayo Dodoma inaweza kuichukua katika bajeti ijayo, kabla ya kampuni yoyote kupewa kitalu.